Mbwa wa Mbegu Yenye Sifa Mbaya: Jinsi ya Kumchagua, Kumlea na Kuishi Naye Mtaani

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza maswali haya. "Nataka mbwa mkali, nichukue mbegu gani?" "Ni kweli Rottweiler akikua humgeuka mwenye nyumba?" "Huyu wa kienyeji anafundishika, au ni koko tu wa majalalani?" Wapo pia wanaouliza wakiwa wamechelewa: mbwa ana mwaka na nusu, amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, hakuna anayemsogelea isipokuwa kijana wa kazi, na juzi amemng'ata mtoto wa jirani. Nimeandika mwongozo huu ili anayeanza aanze vizuri, na aliyechelewa ajue pa kushika. Nimefuga mbwa Goba, Dar es Salaam, kwa miaka 14: chotara wa Rottweiler wawili, German Shepherd mmoja na wa kienyeji wanne. Makosa mengi ninayokutahadharisha humu nimeyafanya mwenyewe.

Nadharia ni fupi. Mbegu hukuambia mbwa atakuwa mkubwa kiasi gani, manyoya yake yatakuwaje, na babu zake walifugwa kwa kazi gani. Haikuambii huyu uliyempakata atakuwa na tabia gani. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Uingereza walipiga marufuku mbegu nne mwaka 1991, pit bull akiwemo, na mwisho wa 2023 wakaongeza XL Bully, mbwa mkubwa mwenye misuli wa ukoo wa pit bull. Uholanzi walikuwa na katazo la namna hiyo, wakalifuta mwaka 2008 kwa sababu watu waliendelea kuumwa vilevile. Huku kwetu hatuna orodha ya serikali, tuna orodha ya midomo ya watu: Rottweiler muuaji, German Shepherd mbwa wa polisi, kienyeji mwizi wa mboga.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba ukubwa hauna maana. Mbwa wa kienyeji wa kilo 20 akikosea, mtu atashonwa nyuzi kadhaa. Boerboel, lile jibwa la ulinzi la Afrika Kusini, wa kilo 70 akikosea, huo unaweza kuwa msiba. Ndiyo maana anayechukua mbwa mkubwa anatakiwa awe makini kuliko mwingine yeyote, hata kama mbwa mwenyewe ni mpole kama kondoo.

Andaa haya kabla mbwa hajafika

Usimlete mbwa nyumbani halafu ndiyo uanze kutafuta fundi wa banda. Uwe na:

- Uzio usio na tundu, na geti linalojifunga lenyewe au lenye komeo ambalo mtoto halifikii. Kwa mbwa mkubwa, ukuta wa chini ya mita 1.8 hautoshi.
- Banda lenye kivuli, sakafu kavu iliyoinuka kidogo, na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha.
- Kola ya shingoni na kamba imara ya mita 2. Mnyororo mzito wa kufungia ng'ombe hapana.
- Bakuli mbili, moja ya maji ambayo haikauki kamwe.
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo, na daftari dogo la kuandikia chanjo na dawa za minyoo.
- Saa moja na nusu kila siku. Ukigawa asubuhi na jioni, sawa, lakini iwepo kila siku, hata siku ya mvua.
- Kauli moja ya watu wote wa nyumbani. Kama mama mwenye nyumba hataki, au unaishi nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hajakubali, subiri. Mbwa anayefichwa hulelewa vibaya.

Hesabu pia chakula. Mbwa mkubwa hawezi kuishi kwa makombo. Ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, utumbo au vichwa vya samaki unafaa, bila chumvi nyingi, bila vitunguu, na bila mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma tumbo. Kama mwezi ukifika tarehe 20 unakopa unga dukani, chukua mbwa mdogo au usichukue kabisa kwa sasa. Hakuna aibu ndani yake.

Hatua ya 1: Sema unamtaka wa nini

Wengi husema "mlinzi". Waulize zaidi, utagundua wanachotaka ni mbwa atakayewaamsha usiku mtu akigusa ukuta. Kazi hiyo ni ya kubweka, na mbwa wa kienyeji anaiweza kuliko mwingine yeyote niliyewahi kufuga. Ana usingizi mwepesi, manyoya mafupi yanayofaa joto la Pwani, na anajua mguu wa nani ni wa nyumbani. Watu humdharau kwa kuwa hana bei. Lakini Basenji, mbegu inayouzwa ghali Ulaya na Marekani, ilitokana na mbwa wa kienyeji wa Kongo, na hata jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi". Mbwa waliyemwita wa kishenzi leo ana cheti na bei kubwa. Huyu wako wa mtaani alichokosa ni mtu wa kumshika akiwa mdogo.

Mbwa wa kuuma ni habari nyingine. Huyo anahitaji mkufunzi aliyesomea, mshikaji mmoja na ratiba ya kazi, kama wale wa vikosi vya ulinzi. Nyumba yenye watoto na wageni wa kila siku haimhitaji.

Hatua ya 2: Mtazame mama kabla ya mtoto

Ukienda kununua, usianze na kapu la watoto. Omba uonyeshwe mama yao. Anavyompokea mgeni ndivyo watoto wanavyojifunza kumpokea mgeni, kwa damu na kwa kuona. Mama akikubwekea kisha akatulia mwenye nyumba akikukaribisha, vizuri. Akijificha akitetemeka, au akirukia nyavu bila kukoma, ondoka. Muuzaji akisema mama yupo shamba, ondoka pia.

Kisha kaa chini, kitako kabisa, uwaache waje. Anayekuja mbio na kukung'ata kamba za viatu ana moyo mkubwa na atataka mtu mwenye muda. Anayesita kidogo kisha akaja kukunusa ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza. Dondosha funguo hatua tatu kutoka kwao: mtoto mzuri hushtuka, kisha huzifuata kuona ni nini. Anayekimbilia kona na kukataa kutoka usimchukue kwa huruma. Wanaoanza huogopa mbwa mchangamfu, lakini mbwa wengi wanaouma watu majumbani huuma kwa woga.

Umri: wiki 8, si chini. Mimi niliuziwa Jemadari, chotara wangu wa kwanza wa Rottweiler, nikiambiwa ana miezi miwili. Daktari alipomtazama meno akasema hajafika wiki 6. Zile wiki mbili tatu alizokosa kwa mama na ndugu zake ndizo ambazo mtoto wa mbwa hujifunza kung'ata taratibu, maana akimuumiza nduguye mchezo unaisha. Nilimfundisha jambo hilo mimi, kwa miezi mingi na mikwaruzo mingi.

Na ukisikia "mbegu kali, damu ya Ujerumani", kumbuka kuwa Rottweiler ni mbwa wa wachinjaji wa mji wa Rottweil, aliyeswaga ng'ombe kwenda sokoni. German Shepherd alipangiwa sifa zake mwaka 1899 kama mbwa wa kuchunga kondoo. Wote wawili ni mbwa wa kazi. Wasipopewa kazi huitafuta wenyewe, na kazi watakayoipata ni kulinda geti dhidi ya kila kiumbe.

Hatua ya 3: Chanjo na minyoo ndani ya wiki ya kwanza

Chanjo ya pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mbwa afikishe wiki 16. Kichaa cha mbwa huchanjwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka miezi 3, halafu kila miezi mitatu. Kupe wakague kwa vidole kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya kola. Homa ya kupe huua mbwa wengi wa mbegu za nje hapa Pwani.

Wilaya ikitangaza siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mpeleke, na mfungie kamba na wa jirani asiye na uwezo. Ugonjwa huu huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi ni wa Afrika na Asia. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Hatua ya 4: Mwonyeshe dunia kabla ya wiki ya 14

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayozaa yale yanayosemwa kuhusu mbegu.

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14, ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea kila anachokiona na kukiweka katika fungu la "kawaida". Baada ya hapo mlango huanza kujifunga, na kitu kigeni huwekwa katika fungu la "hatari". Mbwa aliyekaa ndani ya ukuta miezi yote hiyo hutoka akiamini dunia ina watu watatu. Wa nne akitokea, anamuuma.

Utaniuliza: mbona daktari alisema asitoke mpaka amalize chanjo? Ni kweli, virusi vya pavo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Kwa hiyo asikanyage chini mahali mbwa wengine wanapopita. Mbebe. Mimi huwatia kwenye beseni lenye kanga kuukuu, tunakaa kituo cha bodaboda dakika 15, tunarudi. Beba mfukoni dagaa waliokaangwa bila chumvi, umkatie vipande vidogo kama punje ya mahindi. Kila kitu kipya kikitokea, dagaa mmoja. Kikipita, dagaa zinakoma.

Orodha yangu ya kuwaonyesha ni hii, na huwa naweka alama kwenye daftari: mtu mwenye kofia ya pikipiki, mwanamke aliyevaa baibui na nikabu, mzee mwenye mkongojo, mtoto anayekimbia akipiga kelele, muuza maji na mkokoteni wake, mtu aliyebeba mzigo kichwani, mwenye mwavuli, fundi mwenye ngazi, lori linaloshusha mchanga, adhana kutoka spika ya karibu, ngoma ya harusi kwa mbali, kuku, mbuzi, paka. Watu wote wawe wengi na tofauti, na usimlazimishe kushikwa. Akigeuza kichwa, akilamba midomo, akipiga miayo wakati hana usingizi, anakuambia imetosha. Rudi nyuma hatua kumi.

Jemadari sikumfanyia haya. Alinijua mimi, mke wangu na kijana wa bustani. Alipofika miezi 14 akaja kijana wa kusoma mita ya maji, kofia kichwani, begi begani, karatasi mkononi. Nilifungua geti nikamwambia maneno ambayo sijayasema tena maishani: "Pita tu, haumi." Jemadari alikuwa amesimama chini ya mwembe. Leo naweza kukueleza kila alichofanya. Alifunga mdomo, ambao muda wote ulikuwa wazi akihema kwa joto. Shingo ikawa ngumu. Mkia ukasimama juu ukitikisika ncha tu, haraka haraka, nami nikadhani anafurahi. Kisha akatulia kabisa, kama kinyago, kwa muda wa kuhesabu mbili. Hakubweka. Paja la yule kijana lilishonwa nyuzi 9, nikabeba gharama zote za hospitali na siku zake za kukaa nyumbani. Mtaa mzima ukasema, "Si mnaona, Rottweiler." Kijana yule aliumwa kwa sababu yangu.

Hatua ya 5: Banda ni pa kulala tu

Nenda nyumba yoyote yenye mbwa wa mnyororo, utazame ardhi. Utakuta duara lililochimbika, halina hata jani, na ukingo wake umenyooka kama uliochorwa kwa bikari, pale mnyororo unapofikia mwisho. Ndani ya duara kuna bakuli lililopinduka na kinyesi cha jana. Mbwa huyo hawezi kukimbia kitu anachokiogopa, basi hubaki na njia moja tu. Baada ya mwaka mmoja hata mwenyewe hamsogelei, anamsukumia chakula kwa fimbo ya ufagio.

Afungiwe bandani mchana kama kuna mafundi au wageni wengi, sawa. Lakini kila siku atoke, atembee kwa kamba dakika 30 asubuhi kabla lami haijapata moto na 30 jioni, na awe karibu na watu wa nyumba wakati wanapumzika. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa wako yumo ndani yake.

Hatua ya 6: Maneno manne

Njoo. Kaa. Acha. Kwako. Yatosha kwa mwaka wa kwanza. Lugha si hoja, ila chagueni moja. Nyumba nyingi baba anasema "come", mama anasema "njoo", dada wa kazi anapiga mluzi, halafu mbwa anaitwa mbishi.

Anza na "kaa". Shika dagaa juu ya pua yake, upeleke mkono nyuma taratibu kuelekea masikio. Kichwa kikipanda, makalio hushuka. Yakigusa chini tu, sema "kaa" na umpe. Mara 5, mara tatu kwa siku, basi. "Njoo" usiitumie kamwe kumwitia adhabu au dawa. Ukitaka kumwogesha, mfuate alipo. "Acha" anza na ugali kwenye ngumi iliyofungwa: analamba, anakwaruza, anachoka, anarudisha kichwa nyuma, hapo sema "acha" na umpe kitu kingine bora zaidi kwa mkono wa pili. "Kwako" ni kwenda kwenye mkeka wake na kubaki, na ndilo neno litakalokuokoa getini.

Hatua ya 7: Mgeni getini

Fanya zoezi hili na rafiki mmoja kwa wiki mbili kabla ya kulitegemea.

Mgeni anabisha. Mbwa anabweka mara tatu nne. Mwambie "vizuri", maana hiyo ndiyo kazi yake. Kisha "kwako". Mfunge kamba au mfungie banda kabla ya kugusa komeo, kila mara, hata mgeni akiwa dada yako. Mgeni akishaketi, mlete mbwa kwa kamba, mgeni asimtazame machoni, asinyooshe mkono juu ya kichwa chake. Mbwa akija kunusa mwenyewe, vema. Asipokuja, mwache.

Mtoto wa chini ya miaka 10 usimwache peke yake na mbwa, awe Rottweiler au kijibwa cha mapajani. Sekunde moja ya mtoto kukanyaga mkia inatosha.

Hatua ya 8: Jirani ni sehemu ya ufugaji

Wahenga walisema ukimzoea mbwa atakufuata hata msikitini. Wafugaji wengi huchukia methali hiyo. Mimi naisoma kama onyo kwangu kwamba mbwa wangu nimemzoea mimi, jirani hajamzoea. Kwa jirani Mwislamu wa madhehebu ya Kishafii, kama walivyo wengi wetu wa Pwani, mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na nguo iliyoguswa na mate hubadilishwa kabla ya swala. Hiyo haina maana kwamba anamchukia mbwa wako; mbwa wa ulinzi na wa mifugo anaruhusiwa kufugwa. Ina maana kwamba mbwa wako akimrukia anapokwenda alfajiri, umemharibia ibada. Kamba fupi unapopita njia ya msikitini, na pishaneni kwa upande wa pili wa barabara.

Kabla sijaleta mbwa wa pili nilikwenda kwa bibi anayeishi ukuta kwa ukuta nami. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, naleta mbwa mwingine. Nimekuja kukuomba radhi kabla hajakusumbua." Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Huyu naye utamwacha abweke usiku kucha kama yule?" Tukapatana: saa nne usiku mbwa anahama upande wangu wa mbali, na akisumbua atume mjukuu wakati wowote. Miaka sita sasa.

Mengine: kibao cha "Mbwa Mkali" kiwepo getini hata kama ni mpole, kinyesi kizolewe kila asubuhi, na watoto wa mtaa waje mara moja wafundishwe kusimama kama mti mbwa akiwakimbilia, mikono chini, macho pembeni. Kukimbia ndiko kunakomfanya afukuze.

Hatua ya 9: Mhasi

Kama huna mpango wa kuzalisha kwa utaratibu, dume na jike wahasiwe na daktari, umri ashauri yeye kulingana na ukubwa. Dume haachi kulinda kwa kuhasiwa. Anapunguza kuruka ukuta kufuata majike, na mtaa unapunguza watoto wa mbwa wanaotupwa kwenye mifuko.

Usifanye haya hata ukiambiwa na mzee unayemheshimu

Pilipili, bangi, nyigu kwenye ugali: havimfanyi mbwa mkali. Pilipili inamchoma utumbo, bangi inamlewesha na inaweza kumuua, nyigu wanamuuma koo likavimba akakosa hewa. Nyama mbichi au damu haimpi kiu ya watu. Kumfungia gizani mchana kunampofua akili, akitoka anauma chochote. Kumchokoza na gunia "ajifunze ukali" kunamfundisha kwamba mikono ya watu ni maadui, na mkono wa kwanza atakaokutana nao asubuhi ni wa mwanao.

Fimbo pia hapana. Na usimpige anaponguruma. Kunguruma ni hisani, anakuonya. Ukimfundisha asingurume utapata mbwa anayeuma bila taarifa, kama Jemadari chini ya mwembe: miezi michache kabla ya siku ile nilikuwa nampiga kila aliponguruma, nikijua namlea.

Mambo yakienda vibaya

*Anabweka usiku kucha.* Mara nyingi hajachoka au yuko peke yake. Ongeza matembezi ya jioni, mpe mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe saa tatu, sogeza banda lisitazame barabara.

*Ananguruma ukikaribia bakuli lake.* Usilinyakue. Pita mbali, dondosha dagaa, endelea na safari yako. Siku ya kumi atakuwa anatazamia upite.

*Anakimbiza bodaboda.* Kamba, kila mara, na rudi kituoni kukaa naye kwa umbali ambao anaona bila kurusha mwili. Sogea hatua mbili kwa wiki.

*Ni mkubwa tayari, hajawahi kutoka.* Inawezekana, ila pole pole, kwa miezi. Mzoeze kifunga mdomo cha waya chenye nafasi ya kuhema na kunywa maji, umpake siagi ya karanga ndani aingize pua mwenyewe, kisha ndipo mtoke saa za watu wachache. Baadhi yao hawatakuwa marafiki wa wageni kamwe; hao uwapangie maisha ya nyuma ya geti lenye kufuli, yenye kazi na matembezi.

*Alikuwa mpole, amebadilika ghafla.* Fikiria maumivu kwanza: sikio, jino, homa ya kupe. Lakini kama anadondosha ute, anayumba, sauti imebadilika, anauma hata miti, msimguse. Fungeni geti, mwite afisa mifugo wa kata.

*Amemng'ata mtu.* Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, hata kama mtoto analia. Usipake kahawa, mkaa, kitunguu wala mafuta ya taa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na daftari la chanjo la mbwa. Daktari ndiye aamue kuhusu chanjo ya kichaa, na akianzishiwa dozi zimalizwe zote. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15, na wengi huficha wakiogopa kuchapwa, kwa hiyo waulize watoto wako kwa upole mara kwa mara. Mbwa asiuawe kwa hasira: afungiwe peke yake siku 10 akitazamwa na afisa mifugo, kwa sababu mbwa mwenye kichaa huonyesha dalili na kufa ndani ya siku hizo, na jibu lake ndilo linalomsaidia daktari wa yule aliyeumwa. Nenda kwa aliyeumwa wewe mwenyewe, usitume mtu, na ubebe gharama. Siku 10 zikiisha salama, rudi hatua ya 7, uanze upya na kamba.

*Huwezi kuendelea naye.* Usimtupe porini wala kumfungulia usiku. Mtafutie mtu, umweleze kila kitu alichowahi kufanya, hata lile ambalo litamfanya akatae.